Bomba la Inchi Tano

Mei 20

Daktari kasema niandike. Presha yangu imepanda tena, na badala ya kuniongezea vidonge akanishauri kila siku nikifunga gereji niandike kilichoniudhi, eti hasira ikiwa kwenye karatasi haipandi kichwani. Haya, daktari, karatasi hii hapa. Ikiungua, shauri yako.

Leo Baba kaja gereji. Miaka ishirini na sita natengeneza ekzosi katika mji huu, jina lake la Goertzen limeandikwa mlangoni kwa herufi nyekundu, na hajawahi kukanyaga. Sailensa yake ikioza huwa anaipeleka mji wa pili, kwa watu baki. Nilipofungua alisema mbele ya meza nzima ya Krismasi kwamba binti wa Goertzen halali chali chini ya magari ya wanaume. Mama, Mungu amrehemu, akanipitishia viazi, na mazungumzo yakaishia hapo. Kwetu mambo yote huishia kwenye viazi.

Basi leo kasimama mlangoni na kofia yake ya kampuni ya mbegu na mbwa wake Fritz.

"Nataka bomba," akasema.

"Bomba gani?"

"Kubwa. Inchi tano. Kutoka kwenye injini mpaka nyuma kabisa. Sailensa usiweke."

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha, ingawa Baba hafanyi mzaha. Huyu ndiye mtu aliyesimama kanisani akataka vijana wenye pikapu za kelele wakatazwe kuegesha karibu na dirisha la kwaya. Huyu ndiye aliyesema mwenye gari la kelele hana cha kusema mwenyewe. Ana miaka themanini kasoro moja!

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Si ndiyo kazi yako?"

Akaweka ufunguo juu ya meza, akaita mbwa, akaondoka kwa miguu. Kazi yangu! Leo ndiyo amejua nina kazi.

Mei 21

Bado nina hasira. Nimekula maandazi manne ya kabichi na nyama aliyoleta wifi yangu Twila. Hayakusaidia.

Mei 24

Nimeinyanyua pikapu na kuitazama chini. Ni ya dizeli, ya gia za mkono, ya mwaka tisini na tatu, na nyuma ina bodi bapa ya mbao za mwaloni alizozipigilia Baba mwenyewe. Chuma cha chesisi ni kizima kama kilivyotoka kiwandani. Hilo nampa, anatunza vitu. Watu ndio hawatunzi.

Tatizo ni hili. Chesisi ni kama ngazi iliyolazwa: vyuma viwili virefu, na pau zinazokatiza katikati. Bomba la zamani lilikuwa jembamba, lilipenya ndani ya ngazi, kati ya giaboksi na upau unaoibeba. Bomba la inchi tano halipenyi hapo hata ukiliombea. Kwa hiyo ama ukate upau, ama ulizungushe bomba lote nje ya chesisi, kona kwa kona, halafu ulipandishe juu ya ekseli ya nyuma, chini ya mbao za bodi, litokee nyuma ya gurudumu.

Nikiwa chini, mdogo wangu Delmar akaingia. Delmar ndiye anayelima shamba la Baba sasa, na tangu akabidhiwe kombaini anatembea kama mtu aliyebeba Kansas nzima mgongoni.

"Dada, unafanya nini na hilo gari?"

"Bomba la inchi tano."

"Wewe na yeye mmerogwa wote? Unajua ameunguza klachi mbili tangu vuli? Mbili! Anaendesha gia ya pili mpaka injini inapiga mayowe, halafu anaingia ya nne gari likiwa limesimama. Rueben kule ushirika anasema mizani nzima inaacha kazi kumwangalia."

"Kazeeka, Delmar."

"Ndiyo nasema! Mavuno haya habebi mafuta. Tangi la dizeli nimelitoa kwenye bodi yake, nimelifunga kwenye pikapu yangu. Atatuletea chakula cha mchana tu. Na akiunguza klachi ya tatu, ufunguo nauchukua, atakaa kwenye kiti."

Hicho kiti kipo barazani kwa Baba. Babu alikalishwa pale mwaka aliponyang'anywa trekta, na kabla ya theluji tulikuwa tumemzika. Delmar anajua hivyo. Baba anajua zaidi.

"Halafu huo upau si ukate tu," Delmar akaongeza akitoka. "Utamaliza kwa siku moja."

Nilimwambia akakate uti wa mgongo wake kwanza, aone kama atatembea. Chesisi haikatwi. Aliyenifundisha kazi, mzee Waldo Schrag, alikuwa akisema bomba ndilo linaloliheshimu gari, si gari kuliheshimu bomba.

Mei 27

Mvua. Ngano imeanza kubadilika rangi na Delmar anaitazama mbingu kama inamdai.

Mei 30

Nilikwenda ushirika kununua gesi ya kuchomelea. Rueben Koehn, anayepima malori ya nafaka na kuwapima watu wote pia, akanipokea kwa sauti ya kusikika mpaka ghala la tatu.

"Vonnie! Nasikia mzee wako ameingia ujana wa pili! Anataka kumpata nani na hilo bomba, mjane wa Unruh?"

"Muulize mwenyewe."

"Nimemuuliza! Hakunijibu. Akanipita kama nguzo. Ameanza maringo, mzee Orlin."

Wote wakacheka. Nilicheka nao kidogo, halafu njiani nikajikasirikia. Ni kweli, maringo. Miaka miwili sasa Jumapili mchana nikiosha vyombo kwake namwuliza hili na lile, yeye kakaa mezani nyuma yangu, kimya. Namuuliza kuhusu goti lake, kimya. Nikamwambia nimeshinda zabuni ya kutengeneza ekzosi za mabasi yote ya shule ya wilaya, kimya! Sikulala siku ile. Mtu akikuchukia si aseme.

Juni 3

Kona ya kwanza, ya pili na ya tatu zimekaa. Mashine yangu ya kukunjia mabomba ina nguvu za kutosha, lakini inchi tano inataka ubembeleze, ukiharakisha bomba linafinyika kwenye kona kama mrija wa soda. Nimeshuka na kupanda chini ya gari hili mpaka mgongo unaniita majina.

Baba anakuja kila asubuhi. Anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, Fritz miguuni, anaangalia. Hasemi. Nikiwa chini namwambia, "Baba, nipitishie spana ya kumi na saba," hapitishi. Natoka mwenyewe, mafuta usoni, naichukua hatua mbili kutoka mguu wake, yeye ananitazama kama kwamba ndiyo kwanza naingia. Leo niliibamiza ile spana sakafuni. Fritz akaruka. Baba akamwambia mbwa, "Tulia, huyu ndivyo alivyozaliwa."

Juni 6

Leo ekseli. Hapa ndipo mafundi wengi wanaumbuka. Gari likiwa limenyanyuliwa, magurudumu yananing'inia, ekseli inashuka, unaona nafasi kubwa juu yake na unaweka bomba lako kwa raha. Ukilishusha gari, ekseli inapanda na kugonga bomba. Mimi si mjinga huyo. Nimelishusha, nikaliacha lisimame kwa magurudumu yake, nikapima nikiwa nimelala kwenye sakafu baridi.

Waldo alisema pia, pima gari na mzigo wake. Lakini mzigo gani? Tangi Delmar kaliondoa, kasema halirudi. Mzee, mbwa na kapu la chakula si mzigo. Bomba ni nene, mbao za bodi ziko karibu, na kati ya bomba na ekseli nimepata vidole viwili. Vinatosha.

Juni 8

Daktari, kaa chini.

Asubuhi nilimaliza kuchomelea, nikafunga raba za mwisho za kulining'iniza bomba, nikamwita Baba kwa mkono aingie kwenye kiti. Rueben alikuwepo, kaja kushangaa. Baba akawasha.

Mama yangu! Madirisha yalitikisika. Kopo la skrubu lilitembea lenyewe mpaka ukingoni mwa meza na kuanguka. Rueben aliziba masikio, akatoka nje akitukana kwa Kijerumani cha bibi yake. Fritz alijificha nyuma ya matairi. Na Baba alikuwa ameweka kiganja chake cha kushoto kwenye mlango, bapa, kama unavyoweka mkono tumboni mwa ng'ombe mwenye mimba. Macho amefumba. Anakanyaga mafuta kidogo, anaachia, anakanyaga, anaachia. Alikuwa anatabasamu. Sijaona tabasamu lile tangu Mama afe.

Akazima. Kimya kikarudi gerejini na yeye akabaki vile vile, mkono mlangoni, kisogo kwangu.

"Basi umeridhika?" nikamwuliza kwa nyuma.

Kimya. Na mimi moto ukanipanda, maana nimechoka na hicho kimya.

"Baba, nakuuliza!"

Kimya.

"Wewe ni mkaidi kuliko nyumbu wa babu yako!"

Hakuna. Hata bega halikusogea. Nikasogea, nikawa hatua moja nyuma ya kisogo chake, nikasema kwa sauti ya kawaida, "Baba, gereji inaungua."

Fritz aligeuza kichwa. Baba hakugeuka.

Juni 9

Nimekwenda kwake nikiwa nimewaka. Nilimkuta anamenya viazi. Nikakaa mbele yake anione mdomo, nikagonga meza.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Masikio!"

Akaendelea kumenya. Ganda likatoka refu bila kukatika.

"Hayo ni yangu," akasema.

"Ni yako? Miaka miwili nakaa nyumba hii kila Jumapili nadhani unanidharau! Nimekwambia mambo yangu yote kwenye kisogo chako! Nimelia kwenye beseni lile, na wewe unasoma bei za ngano!"

Aliweka kisu chini. Nilimwona anatazama mdomo wangu, anakusanya maneno moja moja.

"Ulilia?"

"Sasa unasikia!"

"Nilikuwa naona mgongo tu," akasema. "Nilijua unaosha vyombo."

Sikujua nimpige au nimkumbatie. Nilichukua kiazi nikamenya, maana mikono ilihitaji kazi. Kwetu, nasema, ni viazi.

Baadaye akaeleza, kwa kuvuta, kama mtu anayetolewa jino. Miaka sitini anabadilisha gia kwa sikio. Mita ya mizunguko hajawahi kuitazama, anasema ni ya watu wasiojua. Injini ikilalamika unaipa gia, ikinguruma chini unaiondolea. Halafu ikaanza kwenda mbali, kidogo kidogo, mpaka mwaka jana ikanyamaza. Anaiona inatetemeka, haisikii inavyosema. Ndiyo klachi zile.

"Si kuna vifaa vya kusikia, Baba?"

"Nilinunua. Viko kwenye droo ya soksi. Vinaniletea sahani za Twila na mlango wa kanisa. Injini haviniletei."

"Kwa hiyo ukaona utikise mji mzima."

"Kwenye mlango naisikia. Na kwenye kiti. Ilivyokuwa zamani." Akanitazama. "Umelizungusha vizuri. Hukukata chuma."

Miaka ishirini na sita nimesubiri neno lile, na limekuja siku ambayo sina hata nafasi ya kulifurahia kwa hasira!

"Ungeniambia, Baba. Ningekuwa nakupigia kelele."

"Ulikuwa unapiga tayari."

Halafu akanishika mkono, wenye maji ya viazi. "Delmar usimwambie. Akijua ninyi wote mnasema nami sisikii, ufunguo nauaga siku hiyo hiyo. Niache nimalize mavuno haya."

Nikaahidi. Mficha maradhi kifo humuumbua, watu wa zamani walisema, na mimi nimekuwa msaidizi wa mficha maradhi.

Juni 11

Mawingu ya kijani upande wa magharibi. Mvua ya mawe ilipiga wilaya ya jirani. Sisi tumepona.

Juni 14

Jumapili. Baba alipita na bomba lake mbele ya kanisa wakati wa sala ya kimya. Mchungaji alifumbua jicho moja. Mjane wa Unruh alitabasamu, na Rueben akanipiga kiwiko mpaka nikaona nyota.

Juni 17

Mavuno yameanza. Joto linapasua midomo. Delmar alipita gereji jioni, vumbi mpaka kwenye kope.

"Dada, lile bomba lako la wendawazimu," akasema. "Sielewi. Leo kaleta chakula, kapanda kile kilima cha kwa Koehn, kabadilisha gia kama kijana. Laini. Hata sikusikia zinapokutana."

"Aa?"

"Kumbe tatizo lilikuwa nini?"

"Muulize Baba yako."

"Nimemuuliza. Unamjua, hajibu watu."

Juni 20

Mvua usiku kucha, kombaini zimelala. Delmar kafoka kwa Twila, Twila kanipigia simu kunifokea mimi.

Juni 24

Nimekaa chini sasa hivi tu. Nguo zangu zinanuka moshi wa mwaloni.

Tangu jana upepo wa kusini unapuliza kama mlango wa tanuri, na ngano iliyobaki ni kavu, inapukutika ukiitazama. Kila mtu anakimbizana. Saa nane mchana nilikwenda ushirika kupeleka kipande cha chuma nilichomchomelea Rueben. Nikiwa mizanini, namwona Baba anatoka pampu za dizeli. Bomba likanguruma, Rueben akaziba sikio kama kawaida yake. Lakini mimi nilikuwa natazama nyuma ya gari. Nyuma ilikuwa chini. Chini sana! Na juu ya bodi, tangi jeupe, lile lile.

"Rueben, hilo tangi limefikaje pale?"

"Hujui? Pampu ya maji ya pikapu ya Delmar imekufa asubuhi. Wakalihamisha. Kalijaza mpaka mdomoni, si umeona gari lilivyokaa kama bata?"

Hakuna aliyenipigia simu. Delmar hakusema, Baba hakusema, na mimi niliyetegemea neno la Delmar sikuuliza mara ya pili. Vidole viwili! Vidole viwili kati ya ekseli na bomba, na dizeli yote ile imekalia springi. Kila tuta, ekseli ingepanda na kulipigilia bomba kwenye mbao kama nyundo. Bomba likipasuka pale, moto wa injini unapuliza moja kwa moja kwenye mwaloni mkavu, na juu ya mwaloni ni tangi. Na anaelekea kwenye mabua.

Nilimpigia simu. Ujinga wangu, nilimpigia simu!

Nikaruka kwenye gari langu la kazi nikamfuata. Nilimkuta kwenye barabara ya vumbi, mbele kama robo maili, vumbi jekundu limemfunika. Nikapiga honi. Nikaibana honi nisiiachie. Niliwasha taa, nikazizima, nikawasha. Nilitoa kichwa dirishani nikapiga kelele mpaka koo likachubuka: "Baba! Simama! Baba!" Nilikuwa najua. Nilikuwa najua hasikii, na bado nilikuwa namlaani kwamba hasikii. Nililaani maringo yake, ahadi yangu, Delmar, Waldo aliyekufa na vidole vyangu viwili. Nilijaribu kumpita, barabara haikuruhusu. Vumbi liliniingia kinywani.

Kila tuta nilikuwa naiona bodi inavyozama. Halafu moshi mwembamba, wa bluu, ukaanza kutoka juu ya gurudumu la kulia.

Mbele kulikuwa na lango la shamba. Ndani, mabua maili nzima, yamekauka, na kombaini ya Delmar mwisho wake ikila ngano iliyosimama. Nikasema kwa sauti, Mungu wangu, asiingie.

Hakuingia. Hatua chache kabla ya lango alipunguza mwendo, akakata kushoto, akalipeleka gari katikati ya ule ukanda wa udongo mtupu ambao Delmar anaulima kuzunguka shamba kuzuia moto. Akasimama, akazima. Nilipofika alikuwa tayari nje, amelala chali chini ya pikapu, Goertzen mzee, chali chini ya gari, anamimina birika zima la chai baridi ya wavunaji kwenye mbao zinazofuka. Chai yenye limau! Nikachomoa kizima moto changu nikamsukuma pembeni kwa mguu, nikapuliza mpaka kikaisha.

Ubao mmoja ulikuwa umekuwa mkaa. Juu yake, tangi halikuwa hata na alama.

Tulikaa kwenye udongo. Nilikuwa nalia na kutukana kwa pamoja. Baba alikuwa anafuta miwani kwa shati.

"Liliniambia," akasema. Alikuwa na furaha, mshenzi yule! "Pale kwa Koehn nikasikia linagonga. Hapa, kwenye kiganja. Kisha sauti ikabadilika, ikawa pana. Nikajua limepasuka. Nikasema, mabua siingii. Zamani nisingejua, Vonnie. Bila hili bomba ningeingia."

Ni kweli. Na bila hili bomba pasingekuwa na moto. Yote mawili ni kweli na nilitaka kumpiga nayo yote mawili.

Nikamshika mashavu nikamgeuza uso. "Nilikuwa nyuma yako! Tangu ushirika! Nimepiga honi mpaka imekaribia kufa! Nimekuita!"

Tabasamu likaondoka. Akatazama barabara tulikotoka, vumbi bado limesimama hewani, linaonekana lote mpaka kwenye maghala.

"Tangu ushirika?"

"Tangu ushirika."

"Honi?"

"Honi, taa, mdomo, kila kitu!"

Alikaa kimya, na safari hii nilijua ni kimya cha kweli, cha mtu anayefikiri. Delmar alikuwa anakuja anakimbia kwenye mabua, anapunga mikono. Baba alimtazama anavyokuja, mdomo wazi, anapiga kelele ambazo mimi nilizisikia na yeye hakuzisikia. Halafu akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akauweka kwenye kiganja changu na kunifumba vidole.

"Gari nililisikia," akasema. "Wewe sikukusikia."

Juni 25

Nimemwambia Delmar. Ahadi imekwisha, mwenyewe kaivunja. Nilimwambia yote, masikio, klachi, droo ya soksi, na kwamba tangi bila kuniambia ni upumbavu wake, na kupima bila kuuliza mara mbili ni upumbavu wangu. Nilitegemea abishe. Akakaa juu ya ile ndoo ya Baba.

"Kwa nini hakuniambia mimi?"

"Ungemkalisha kwenye kiti."

Delmar alivua kofia, akaivaa, akaivua.

"Ningemkalisha," akasema.

Hasira yangu kwake ilikuwa imejiandaa kwa maneno mengi. Ikabaki nayo.

Juni 27

Nimepima upya, tangi likiwa limejaa, gari limekaa chini kabisa, mimi chini yake. Bomba halipiti tena juu ya ekseli. Nimelitoa pembeni, mbele ya gurudumu la nyuma, mbali na mbao. Ubao mpya wa mwaloni kaukata Baba. Alinipitishia spana ya kumi na saba kabla sijaomba, maana alikuwa anautazama mkono wangu.

Juni 30

Shamba la mwisho. Delmar anahitaji dizeli kwenye kombaini na hana mtu, kwa hiyo nimefunga gereji na kuiendesha pikapu mimi. Kwenye kiti cha pembeni alikaa Baba, Fritz katikati, na kiganja cha Baba kwenye mlango, bapa.

Gia za mkono sijazigusa tangu nilipokuwa msichana. Kwenye kilima cha Koehn injini ikaanza kunguruma chini, mimi bado natafuta klachi kwa mguu, na Baba, bila kunitazama, akasema:

"Tatu."

"Najua!" nikamwambia.

"Tatu, Vonnie. Inakuomba."

"Nimesema najua! Miaka ishirini na sita niko chini ya magari, usinifundishe gari! Nyamaza nifanye kazi!"

Hakusikia. Alikuwa anatazama mbele, kwenye ngano, anatabasamu.

Nikaweka tatu.